MWAKA ALIOKUFA SOKOINE
Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi: msiba wa taifa, mtoto, na wito wa uongozi

Masomo ya kusoma kabla: Isaya 6:1–8, 2 Nyakati 26, Yeremia 29:4–7, 1 Timotheo 2:1–4.



Mara nyingi tunaulizwa na vijana wa parishi, "Je, ni halali Mkristo kujishughulisha na mambo ya siasa?" Wengine huuliza kwa nia njema, wengine kwa sababu wamechoka kuona ugomvi wakati wa uchaguzi. Mwezi huu tumeonelea vema tusijibu kwa maneno matupu, bali tueleze jinsi sisi wenyewe, tungali watoto wadogo huku Ikola, tulivyoanza kujali mambo ya nchi yetu. Jambo hilo halikuanza kwa mkutano wa hadhara wala kwa kitabu. Lilianza kwa kilio.

1. Isaya naye alianza na msiba

Tukisoma sura ya sita ya kitabu cha Isaya, twaona kwamba nabii hasemi tarehe ya wito wake kwa kutaja siku na mwezi. Anautaja mwaka aliokufa mfalme Uzia. Kwa watu wa Yuda jambo hilo lilitosha. Kila mtu aliyekuwa hai aliukumbuka mwaka ule, alikuwa wapi, na nani alimletea habari.

Uzia alitawala miaka 52. Kitabu cha pili cha Nyakati chatuambia kwamba alijenga minara, alichimba visima, na alikuwa mtu aliyependa kilimo. Lakini hakifichi kosa lake: moyo wake ulijivuna, akaingia hekaluni kufanya kazi isiyo yake, akapigwa ukoma. Maandiko hayamfanyi mtawala kuwa malaika, na wala hayamfanyi kuwa shetani. Yanasema mema yake na mabaya yake, kisha yanasema kwamba alikufa. Ni katika mwaka huo, kiti kikiwa kitupu na watu wakiwa na hofu, ndipo kijana Isaya alipoisikia sauti ikiuliza ni nani atakayetumwa.

Ndugu msomaji, yafaa uyakumbuke mambo hayo mawili tunapoendelea: kwamba msiba wa taifa waweza kuwa mlango wa wito, na kwamba kumlilia kiongozi si kufumba macho tusione makosa.

2. Jioni ile pale Ikola

Siku ile ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, siku tatu kabla ya Jumapili ya Mitende. Sisi tulikuwa watoto wa darasa la tatu. Wakati ule Ikola ilikuwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja baadaye, mwaka 2012. Barabara ilikuwa ya shida, hasa wakati wa mvua, na habari za dunia zilitufikia kwa njia mbili: kwa meli ya Liemba, na kwa redio ya mtu mwenye betri.

Wazee wanaoishi kando ya ziwa watakumbuka kwamba wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana mwanga wa karabai haufui dafu mbele ya mwezi. Siku zile mwezi ulikuwa umekaribia kuwa mpevu. Kwa hiyo wanaume walikuwa nyumbani, wengine wakishona nyavu, wengine wamekaa tu barazani. Ndiyo sababu watu walikuwa wengi kwa jirani yetu mwenye redio.

Sisi watoto tulikuwa tukicheza mchangani karibu na mikeka ya kuanikia dagaa. Mara tukasikia kimya. Ajabu ni kwamba mtoto husikia kimya cha wakubwa upesi kuliko kelele zao. Tukasogea. Redioni alikuwa akisema Mwalimu Nyerere mwenyewe, na sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. Aliwaambia wananchi kwamba Waziri Mkuu, ndugu Edward Moringe Sokoine, amefariki dunia kwa ajali ya gari, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam.

Hatukujua Dodoma iko upande gani. Hatukujua Waziri Mkuu afanya kazi gani. Lakini tulimwona baba yetu ameinama, kofia yake mkononi, naye analia. Hatukuwa tumemwona baba akilia hata siku bibi yetu alipozikwa. Mama aliingia ndani bila kusema neno. Mzee mmoja alisema taratibu, "Nchi imepata pigo," na hakuna aliyemjibu.

Asubuhi yake bendera shuleni ilikuwa nusu mlingoti. Jumapili ya Mitende tuliingia kanisani na makuti yetu mikononi, lakini nyimbo zilikuwa nzito. Mwinjilisti alituambia tuwaombee mjane na watoto, tumwombee Rais, tuiombee nchi. Nadhani wengi wetu hatujapata tena kuisikia habari ya Bwana Yesu kuingia Yerusalemu kwa namna ile: umati unaoshangilia leo, na kesho msiba.

3. Sokoine alikuwa nani

Kwa ajili ya wasomaji vijana, ni vema tueleze kwa kifupi. Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, katika jamii ya Wamaasai. Aliingia Bungeni mwaka 1965. Alipata kuwa Waziri wa Ulinzi tangu 1972, na mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza. Aliacha kazi hiyo mwaka 1980, kisha akairudia Februari 1983, akaishika hadi siku ya kufa kwake. Alikuwa na umri wa miaka 45 tu. Ajali ilitokea Dakawa, katika Mkoa wa Morogoro. Alizikwa kwao Monduli Juu.

Hali ya nchi wakati ule ilikuwa ngumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekula fedha nyingi, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Dukani hapakuwa na sabuni, wala sukari, wala nguo. Watu walipanga foleni tangu alfajiri na kurudi na vikapu vitupu. Na penye uhaba, ulanguzi hauko mbali. Wako waliozificha bidhaa wakazitoa kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kuumiza.

Mwaka 1983 serikali ilianzisha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na Sokoine ndiye aliyekuwa mbele. Watu wengi walikamatwa, wakubwa kwa wadogo. Katika miji mingi watu walitupa mali zao usiku wasije wakakutwa nazo. Wananchi wengi walimpenda kwa sababu waliona kwamba hachagui uso wa mtu, na kwamba yeye mwenyewe hakujilimbikizia mali.

4. Swali la mtoto

Hapa inatupasa kusema jambo la nyumbani kwetu, ambalo kwa miaka mingi hatukulisema.

Kila mtu wa mwambao ajua kwamba ng'ambo ya ziwa hapakuwa mbali kwa mtu mwenye mtumbwi na jirani wa kuaminika. Baba yetu alikuwa mvuvi, lakini katika miaka ile ya dhiki alikuwa akibeba dagaa kwenda upande wa Zaire, jina lililokuwa la Kongo wakati ule, na kurudi na vitenge na sabuni bila kupita forodhani. Hakuwa tajiri. Karo na chumvi zilitoka humo. Lakini ilikuwa magendo, naye alijua ni magendo.

Usiku mmoja wa mwaka 1983, habari za msako zilipofika, tulimsikia akimwamsha kaka yetu mkubwa. Walitoa gunia chini ya kitanda wakaenda nalo ziwani wakalizamisha. Labda hawakulifunga vizuri, au jiwe halikuwa zito la kutosha. Baada ya siku tatu vitenge vilianza kutupwa ufukoni na mawimbi, kimoja kimoja, rangi zake zikionekana kutoka mbali. Wanawake waliokwenda kuteka maji waliviona. Kila mtu alijua ni vya nani, na hakuna aliyeviokota. Vilikaa pale mchangani mpaka vikachanika. Sisi watoto tulikatazwa kucheza upande ule.

Basi, jioni ile ya Aprili, tulipomwona baba akilia, jambo hilo lilitutatiza sana. Siku ya pili tulimfuata alipokuwa akiziba mtumbwi, tukamwuliza, "Baba, si huyu ndiye uliyemwogopa hata ukatupa vitenge?"

Tulidhani atatuchapa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo, wanangu, nilimwogopa. Nilimwogopa kwa sababu nilikuwa na kosa. Lakini mtu anayenifanya nione kosa langu, akifa, nimcheke?"

Tukamwuliza tena, "Sasa nani atakuwa badala yake?"

Akasema, "Hilo ndilo swali la kuuliza. Na ninyi mkae mkisikiliza redio mjue."

Hayo ndiyo maneno yaliyotuingiza katika mambo ya nchi. Tangu siku ile tulikuwa tukikimbia kwa jirani wakati wa taarifa ya habari, na mzee yule, tunamshukuru mpaka leo, hakutufukuza. Tarehe 24 Aprili, Jumanne ya baada ya Pasaka, Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Tulikwenda mbio kumwambia baba kana kwamba tumeteuliwa sisi.

5. Mambo manne tuliyojifunza

Miaka mingi imepita, baba amelala katika Bwana, na tumekuwa na muda wa kutafakari. Tumeona mafundisho manne.

(a) Watu huomboleza haki. Baba yetu hakumjua Sokoine. Hakupata kumwona wala hakupokea kitu kutoka kwake. Zaidi ya hayo, alipata hasara kwa ajili yake. Lakini alimlilia. Ndani ya mtu, hata yule mwenye kosa, Mungu ameweka kiu ya kuona sheria moja kwa mkubwa na mdogo. Kiongozi akiishi hivyo, hata wale anaowaumiza watamheshimu. Asipoishi hivyo, hata wale anaowalisha watamdharau moyoni.

(b) Haki ina njia yake. Hapa tukumbuke habari ya Uzia. Vita ile ya 1983 ilikuwa na kusudi jema, lakini si kila njia yake ilikuwa njema. Wako waliokamatwa kabla sheria haijatungwa. Sheria iliyotungwa mwaka ule iliweka baraza maalum la kusikiliza kesi, na washtakiwa hawakuruhusiwa kuwa na mawakili wala kukata rufaa. Bila shaka wako waliokuwa na hatia, lakini mtu mwenye hatia pia anastahili kusikilizwa. Mwaka 1984 sheria ile ilibadilishwa na nyingine. Kesi za namna hiyo zikapelekwa mbele ya Mahakama Kuu, na mawakili wakaruhusiwa. Mwaka huohuo wa 1984 haki za raia ziliandikwa ndani ya Katiba yetu. Kwa hiyo, mpendwa, mtu akikuambia kwamba ili kuuondoa uovu ni lazima tuache kusikilizana, usikubali. Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Hilo ni swali la Kikristo, na ni swali la kisiasa pia.

(c) Kazi haifi na mtu. Sisi wa mwambao tunalijua jambo hili kuliko wengi. Katika wilaya yetu ya Mpanda, makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea maelfu ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Na mwezi Novemba mwaka uleule wa 1984, mji wa Moba, ng'ambo ya ziwa letu, uliingiwa na waasi, na vita ikapiganwa. Tulijifunza tungali wadogo kwamba ziko nchi ambazo mkubwa akianguka, watu hufunga mizigo. Sisi mwaka ule tulilia sana, lakini hakuna aliyefunga mzigo. Waziri Mkuu alikufa Aprili 12, na kabla mwezi haujaisha palikuwa na mwingine, na watoto wakaendelea kwenda shule. Mwaka uliofuata, 1985, Mwalimu Nyerere mwenyewe aling'atuka katika urais, akashika Ali Hassan Mwinyi. Amani ya namna hiyo haiji yenyewe. Hufanywa na watu wanaokubali kwamba kiti ni cha wananchi.

(d) Tusilishwe uvumi. Baada ya msiba, minong'ono ilikuwa mingi, na mpaka leo haijaisha. Gari lililogongana na lile la Waziri Mkuu liliendeshwa na kijana mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mmoja wa wale waliokuwa wakiishi Morogoro wakati wa kupigania uhuru wa nchi yao. Wako waliotaka kufanya jambo hilo kuwa sababu ya kuwachukia wageni, na wako waliounda hadithi za namna nyingi. Serikali ilisema ilikuwa ajali. Huzuni inapokosa majibu hutafuta mtu wa kumlaumu. Hilo ni la kibinadamu, lakini Mkristo asiape kwa jambo asiloliona.

Na tazama jinsi Mungu alivyogeuza mambo. Mwezi Julai mwaka 1984 chuo kikuu cha kilimo kilianzishwa Morogoro, kikapewa jina la Sokoine. Mwaka 1992, wakimbizi wa Afrika Kusini walipokuwa wakirejea kwao, shule waliyoijenga Mazimbu, iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, ilikabidhiwa kwa Tanzania. Leo majengo yale ni sehemu ya chuo kikuu hichohicho chenye jina la Sokoine. Vijana wetu husoma katika madarasa yaliyojengwa na wageni wale, chini ya jina la kiongozi yule. Uvumi ungetaka kuwatenganisha. Historia imewaweka katika uwanja mmoja.

6. Kutoka redioni mpaka mkutano wa kijiji

Mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya Dodoma na Dar es Salaam. Sisi wavuvi tunahusikaje?" Nasi tulifikiri hivyo kwa muda. Tulidhani siasa ni kusikiliza habari za wakubwa. Mwaka 1985 tuliwaona wazazi wetu wakienda kuchagua mbunge kwa alama ya jembe au nyumba, tukadhani imekwisha hapo mpaka miaka mitano ipite. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama viruhusiwe tena mwaka 1992, tulipiga kura sisi wenyewe kwa mara ya kwanza, tukajiona tumefika.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kwamba kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji inachaguliwa nao, na yapaswa kuueleza mapato na matumizi. Huo ndio uongozi ulio karibu nawe kuliko wote, na ndio ambao wengi wetu hatuhudhurii.

Baada ya kuoa tulihamia kijiji kingine cha mwambao, ambacho hatuna haja ya kukitaja. Tulichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri. Tulifurahi, tulimkumbuka baba. Siku moja taarifa ya ushuru wa mwalo ililetwa ili itiwe sahihi kabla ya mkutano mkuu. Ilikuwa jioni, tulikuwa na haraka, na aliyeileta alikuwa rafiki. Tulitia sahihi bila kuisoma.

Katika mkutano mama mmoja mjane, muuza dagaa, alisimama. Hakujua kusoma sana, lakini alikuwa akihesabu kwa punje za mahindi ndani ya kopo: kila alipolipa ushuru alitia punje moja. Alileta kopo lake mbele. Akasema, "Ndugu wajumbe, mimi peke yangu nimelipa hizi. Hapo mmesoma kwamba wanawake wote wa mwalo tumelipa chini ya hizi. Naomba mnieleze." Kisha akatugeukia sisi, akasema kwa upole, "Na wewe mwanangu, wa kanisani, umetia sahihi. Uliisoma?"

Wapenzi, tulisimama pale tukiona vitenge vikitupwa ufukoni. Ziwa halitunzi siri, na wala kopo la mahindi. Tulikuwa na njia mbili: kusema kwamba tulisoma, au kusema kweli. Tulisema mbele ya watu wote, "Mama, sikuisoma. Nimekosa." Wako waliocheka. Rafiki yetu hakutusalimu kwa mwaka mzima. Lakini taarifa ilirudishwa, hesabu zikafanywa upya mbele ya wachuuzi wenyewe, na tangu hapo wakaomba risiti kila walipolipa. Uchaguzi uliofuata hatukuchaguliwa. Aliyechaguliwa ni yule mama.

Hatuoni haya kuandika kwamba hiyo ndiyo siku tuliyoielewa siasa. Mapenzi yetu kwa Sokoine tangu utoto yalikuwa mapenzi ya redioni tu. Kumlilia kiongozi mwadilifu ni rahisi. Kusoma karatasi moja ya ushuru kwa uaminifu, jioni, ukiwa umechoka, ndiyo kazi yenyewe. Isaya hakuishia kuona maono. Kwanza alikiri kwamba midomo yake ni michafu, ndipo akatumwa. Naye Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, waliokuwa na sababu zote za kukaa kando, kwamba wautakie mema mji ule na kuuombea, maana katika amani yake wao pia watapata amani.

7. Watoto wetu wanatutazama

Kila kizazi kina msiba wake. Walio na umri wa kati watakumbuka MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na sisi wa Ziwa Tanganyika tulivyoitazama Liemba kwa macho mengine. Wengine watakumbuka tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki hospitalini London. Vijana wa leo watakumbuka usiku wa tarehe 17 Machi 2021, ilipotangazwa kwamba Rais Magufuli amefariki, na nchi ikapata Rais mwanamke kwa mara ya kwanza.

Siku hizo watoto wetu walikuwa wamekaa karibu, kama tulivyokaa sisi mchangani. Walitutazama tukilia au tukibishana. Walitusikia tukimtukuza mtu au kumtukana. Je, walipouliza swali, tuliwajibu? Au tuliwaambia, "Nenda ukacheze, haya ni ya wakubwa"? Baba yetu angeweza kutufukuza siku ile, maana swali letu lilimwaibisha. Alichagua kujibu kweli, na jibu lake limetushika mkono mpaka leo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi tusiwafundishe watoto kwamba siasa ni uchafu, maana tukifanya hivyo tutakuwa tumewaachia wachafu. Tusiwafundishe pia kwamba kiongozi ni mungu mdogo asiyekosea. Tuwafundishe kuomba kwa ajili ya wenye mamlaka, kama Mtume Paulo alivyomwagiza Timotheo. Kisha tuwafundishe kuuliza kwa adabu, na kukiri wanapokosa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni msiba gani wa taifa unaoukumbuka tangu utoto wako? Ulimwona nani akilia, na ulijifunza nini kwake?
2. Soma 2 Nyakati 26. Taja mema ya Uzia na kosa lake. Je, sisi twaweza kuwazungumza viongozi wetu, walio hai na waliokufa, kwa haki ya namna hiyo?
3. Baba katika habari hii alimlilia mtu aliyemwogopa. Je, unadhani alikuwa mnafiki, au alikuwa mkweli? Eleza.
4. Mara ya mwisho ulihudhuria lini mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa? Je, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa?
5. Katika parishi yetu wenyewe, je, hesabu za sadaka husomwa mbele ya washirika wote? Tusilitake kijijini jambo ambalo hatulitendi kanisani.
6. Ni uvumi gani umepata kuupeleka kwa mwingine bila kuuhakikisha?

Kazi ya wiki: kila mwana kikundi azungumze na mtoto mmoja nyumbani, amsimulie msiba mmoja wa nchi aliouona, na amwache aulize maswali matatu. Kisha aje asimulie aliulizwa nini.

Kumalizia, kila kikundi kiwaombee Rais wetu na wasaidizi wake, mkuu wa mkoa na wa wilaya, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wake, na mama wote wa mwalo wanaohesabu kwa punje za mahindi. Bwana azibariki kazi za mikono yao, naye atupe sisi sote macho ya kusoma kabla ya kutia sahihi.